Lori la Kabichi

"Janina? Mwambie shangazi asiile ile kabichi. Ya juzi iliua."

Simu ikakatika.

Tauba Lewkowicz akaurudisha mkonga wa simu mahali pake, akamshukuru mwenye duka kwa tabasamu la Janina Sroka, binti Mkatoliki. Ndilo jina lililokuwa kwenye kitambulisho chake cha kughushi.

Katika lugha ya siri ya wenzake, kabichi ni lori. Chini ya shehena yake, nyuma ya ukuta wa mbao, walifichwa Wayahudi waliosalia Krakow, wavushwe mpaka hadi Hungaria. Lori la juzi halikufika. Dereva aliwapeleka abiria wake msituni, mikononi mwa Gestapo, polisi wa siri wa Kijerumani, wakapigwa risasi wote, hata wa kunyonya.

La leo lilikuwa limeshaondoka, na dereva yule yule.

Baba yake alikuwa ndani.

Akarukia baiskeli.

Baridi ya Oktoba ilimchoma macho. Bastola aina ya Vis ilimgonga ubavu chini ya koti. Kwenye kona, askari wawili wa Kijerumani wakamzibia njia.

"Mrembo, mbio za nini?"

"Nawahi kwa mchumba, kabla hajageuza nia!"

Wakacheka. Wakampisha.

Aliliona lori, Opel Blitz la kijivu, limesimama kwenye kizuizi cha reli. Treni ya mabehewa ya ng'ombe, yale ya kupelekea Wayahudi kambini, ilikuwa ikipita polepole. Kwenye tundu la hewa la behewa moja, vidole vilishikilia waya.

Tauba alivitazama mpaka vikapotea. Hakuwa na la kuvifanyia.

Kizuizi kikainuka. Akaitupa baiskeli, akafungua mlango wa lori, akaketi. Mdomo wa Vis ukatua kwenye mbavu za dereva.

"Endesha, Zygmunt."

"Janina! Una wazimu? Mimi si mwenzenu?"

"Njia panda, shika kushoto. Ukigusa honi, umekwisha."

"Kushoto si njia ya Hungaria, dada."

"Wala kulia siyo."

Zygmunt Pilch akabadili gia. Kisha akasema, kama mtu anayelalamikia bei ya sokoni, "Hawa ni wafu tu, Janina. Wasipokufa leo, watakufa kesho. Mimi nikifaidi kidogo, kuna ubaya gani?"

"Kushoto."

Lori likashika kushoto, likaingia msitu wenye maficho ya wapiganaji wa Kiyahudi. Wawili wakatokea na bunduki. Hawakuuliza mengi. Wakamchukua Pilch nyuma ya misonobari.

Mlio mmoja. Kunguru wakatawanyika.

Tauba akabomoa mbao kwa mikono yake. Wakatoka mmoja mmoja, wamefumba macho kwa mwanga, wakipepesuka. Akatafuta mgongo wa baba yake, uliopindwa na cherehani. Akatafuta kofia nyeusi. Wa mwisho alikuwa mama mwenye mtoto mchanga.

Nyuma yake, mbao tupu.

"Fundi Mendel yuko wapi?"

"Yule mzee mshonaji? Mungu amjalie!" Uso wa yule mama ukang'aa. "Nafasi yangu ilikuwa ya juzi, lakini huyu alikuwa na homa, analia hanyamazi. Mzee akaniambia, 'Binti, akilia njiani atawaponza wote. Nipe nafasi yako, nawe uchukue yangu.' Saa hizi anakunywa chai Hungaria! Wewe ni jamaa yake?"

"Mimi ni mwanawe."

"Basi utakuwa umepata habari. Amefika?"

Mpiganaji mmoja akainamisha kichwa. Mbele ya yule mama kulikuwa na milima ya kuvuka kwa miguu, na mtoto mgongoni.

"Amefika," Tauba akasema. Akamfunika mtoto blanketi vizuri. "Mtangulizeni huyu. Apewe maziwa."

Akaondoka bila kuaga.

Akatembea kurudi mjini, midomo ikicheza. Kadishi, sala ya kumwombea marehemu, ni wajibu wa mtoto wa kiume. Mendel hakuwa na wa kiume. Tena husomwa penye watu wa kuitikia "Amina". Hapakuwa na mtu. Akaisoma hivyo hivyo.

Darajani, askari wa Kijerumani akanyoosha mkono.

"Unanong'ona nini, binti?"

"Namwomba Bikira Maria mvua isinyeshe, afande."

Askari akakitazama kitambulisho, akatazama mawingu, akamrudishia.

"Amina," akasema.

Tauba akafunga kifungo cha juu cha koti, akavuka daraja taratibu, kama mtu asiye na haraka.