Jiko la Maranda

Kila asubuhi Hulda alitoka mtaa wa Huruma kwa miguu kwenda kufua nguo Elgon View, mtaa wa matajiri. Mume wake, Jeconia, alitafuta kibarua kwenye mijengo. Jioni Hulda alirudi na unga, sukumawiki na makaa ya siku hiyo. Waliishi chumba kimoja na binti yao, Awuor. Ploti yao ilikuwa na vyumba vingi vya kupanga na mfereji mmoja wa maji kwa wote.

Kisha kipindupindu kikaingia mtaani. Gari lenye kipaza sauti lilipita likitangaza kwamba kila mtu achemshe maji ya kunywa. Hulda alichemsha. Lakini mama aliyemwandika kazi alipopata habari za ugonjwa, alimwambia asirudi hadi uishe. Jeconia naye alikosa kibarua, kwa sababu wenye mijengo waliwaogopa watu wa Huruma. Makaa yaliyobaki yalitosha kupika ugali tu. Wakaanza kunywa maji ya mfereji hivyo hivyo.

Asubuhi moja Awuor aliamka akihara maji matupu. Muda si muda macho yake yakaingia ndani. Hulda alimbeba mgongoni, na alipofika langoni akakutana na Nyaguthii, muuguzi aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba. Nyaguthii alitoa chupa ya lita moja ya maji yaliyochemshwa. Akatia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, si vya kurundika. Walimnywesha Awuor kidogo kidogo njia nzima hadi hospitali. Huko alitundikiwa maji ya dripu, na baada ya siku chache akaomba uji. Hulda alilia kwa furaha.

Waliporudi nyumbani, Nyaguthii alikuja kuwaona. Alimwuliza Hulda kwa upole kama walisikia tangazo la kuchemsha maji.

“Tulisikia, Sista,” Hulda alijibu. “Hakuna mtu hapa hajui maji inafaa kuchemshwa. Makaa ndiyo hakuna.”

“Mama Awuor, pole,” Nyaguthii alisema. “Tumekuwa tukiwaambia mfanye nini. Hatukuuliza mnakosa nini.”

Siku hiyo alibisha kila mlango na kuuliza. Mmoja alikosa sabuni. Mwingine watoto wake walilala njaa. Karibu wote walikosa makaa. Nyaguthii alikwenda kwa akina mama wa kanisa, nao wakaleta unga, sukari na sabuni kwa waliokuwa na shida zaidi. Lakini makaa ya ploti nzima hayakupatikana.

Ndipo Gichuru, jirani aliyetengeneza majiko ya bati, akasema kwamba kiwanda cha mbao kilikuwa kikitupa maranda, ule unga wa mbao unaobaki msumeno ukipita. Jeconia na wanaume wengine wakaenda kuyaomba, wakarudi na magunia yaliyojaa.

Gichuru alikata tundu ubavuni mwa debe, upande wa chini. Alisimamisha chupa katikati ya debe, akapitisha kijiti tunduni hadi kwenye chupa, na Hulda akashindilia maranda pande zote kwa nguvu. Walipochomoa chupa na kijiti, njia ya hewa ikabaki. Waliwasha kutoka chini, nje uani, ili moshi usiingie vyumbani. Debe lile moja likawaka kwa saa nyingi. Wanawake walipokezana kuchemsha maji kwa sufuria kubwa ya kanisa, wakayahifadhi kwenye mitungi yenye vifuniko.

Tangu siku ile hakuna mtu wa ploti ile aliyeugua tena. Nyaguthii alifunga safari hadi Elgon View, akamweleza yule mama kwamba Hulda ni mzima, anakunywa maji safi na ananawa kwa sabuni. Hulda akarudishwa kazini.

Jumamosi moja chifu aliitisha baraza. Alimwita Hulda mbele ya watu wote aeleze jinsi ploti yao ilivyouepuka ugonjwa. Hulda hakuwa amewahi kusema barazani, kwa hivyo alisema kidogo tu.

“Nitawaonyesha,” alisema.

Alishindilia maranda, akachomoa chupa, akawasha. Umati ukasogea. Sufuria ilipoanza kutokota, wanawake wakapiga vigelegele. Jioni hiyo wanawake wa ploti nyingine walionekana wakirudi kutoka kiwandani, magunia ya maranda kichwani, na Hulda akiwa mbele yao.