Kinu Walichokifukia Lizaboni

Hili limempata rafiki yangu Ekaristia wa Mfaranyaki, na yule si mtu wa kuongeza chumvi. Mdogo wake, Leonce, aliuza kiwanja cha marehemu mama yao kule Lizaboni bila kumwambia. Kwetu kinu cha mama anachukua binti mkubwa. Leonce akakiacha uani, katapila likakifukia. Sasa pamejaa maghorofa, eti mtaa wa ubunifu, na yeye kapewa nyumba humo humo, ghorofa ya tatu, kama sehemu ya malipo.

Juzi mchana Ekaristia akampelekea kadi ya harusi ya mjukuu. Umeme umekatika, ngazi giza tupu. Anapapasa ukuta, mara anasikia: du, du, du. Mtu anatwanga. Akipanda, mlio unapanda naye.

Leonce akafungua mlango. "Shikamoo dada."

Hakuitikia. Mwaka wa nne huu hamwitikii. "Nani anatwanga humu?"

"Mafundi hao."

"Mimi nimekulia kwenye kinu, usinifundishe. Ni mkeo?"

"Dada, sisi tunakula sembe ya dukani! Kinu tukitoe wapi?"

"Kwani ulikipeleka wapi?"

Leonce akachukua ufunguo. Mlio ulikuwa unatoka chumba cha nyuma, ambacho bado hawajakitumia. Alipouingiza mlangoni, mlio ukakoma.

Wakamulika kwa simu. Chumba kitupu, vigae vinang'aa. Katikati pumba za mahindi zimezunguka duara, na ndani ya duara pasafi, upana wa kitako cha kinu. Ekaristia akainama, akazishika.

Zilikuwa mbichi, na bado zina joto.