Meno ya Mtoto wa Mjane Tuttle

Watu wa Corbin Falls walitaka historia ya babu yetu isomwe hadharani Siku ya Kupamba Makaburi, ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Kazi ya kuiandika wakanitwika mimi, Hester, kwa kuwa nimesoma chuo kikuu na sina mume wa kunisumbua. Nilikubali kwa uchovu tu. Daktari wa meno, askari, mwanamuziki: sifa hizo nilikuwa nimezisikia mpaka masikio yakaota sugu.

Asubuhi ya siku iliyotangulia nilikuwa jikoni na Shangazi Philura, tukimenya viazi. Babu alikuwa amesinzia kando ya jiko. Juu, mdogo wangu Cordelia alikuwa akifanya mazoezi ya tarumbeta. Jumatatu angepanda treni kwenda Boston kujiunga na bendi ya wanawake. Katika ukoo mzima yeye peke yake ndiye aliyepata mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ulikuwa midomoni mwake.

"Shangazi, niandike nini kuhusu meno?"

"Meno gani?"

"Yetu."

Shangazi akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja kama kawaida yake. Mji mzima ulitutania kwamba kwa daktari wa meno watu hula uji. Marehemu baba alipiga tarumbeta, na akiwa bado kijana meno yake ya mbele yakatoka usingizini, bila damu. Baba mdogo vivyo hivyo. Shangazi naye aliipiga msimu mmoja tu, kwa ubishi. Mimi nilisema siku zote ni ugonjwa wa fizi wa kurithi. Mganga hajigangi, basi. Mimi nilichagua piano, na mahindi nayatafuna kwenye gunzi mpaka leo.

"Andika fizi," Shangazi akasema. Kisha akamtazama Babu, akashusha sauti. "Lakini wewe si mtoto. Sikiliza."

Wakati wa vita vya Kaskazini na Kusini, kijana asiye na meno ya mbele hakuchukuliwa jeshini, maana askari aliipasua karatasi ya baruti kwa meno ndipo aijaze bunduki. Babu alikuwa amewang'olea vijana kadhaa wa hapa, kimyakimya. Ndipo mjane Tuttle akamleta Ezra, mwanawe wa pekee. Akampigia Babu magoti. Babu akakataa.

"Kwa nini?"

"Ezra ndiye aliyeibeba bendi ya babu yako. Meno yakitoka, tarumbeta imekwisha. Akamwambia mama wa watu, 'Nitakwenda naye mwenyewe, wapiga muziki hawapigwi risasi.'" Shangazi akachokonoa jicho la kiazi. "Vita vilipopamba moto, bendi ikavunjwa. Babu yako akapelekwa hospitali ya kambi. Ezra akapewa bunduki. Hakikurudi hata kifungo chake."

"Na mjane?"

"Alisimama hapo mlangoni. Akasema, 'Uliyapenda meno ya mwanangu kuliko mwanangu. Hakuna wa nyumba hii atakayepiga tarumbeta akabaki na meno yake, mpaka ufanye nilichokuomba.'"

"Amekufa?"

"Maiti yake niliiosha mimi."

Juu, tarumbeta ilinyamaza.

Cordelia akashuka ameshika kidevu. "Kuna bibi mmoja huko juu, kwenye chumba ambacho Babu alikuwa akin'golea watu meno," akasema. "Nimemwambia Babu alishaacha kazi, wala hanisikii. Kaja na kijana wake. Eti, 'Unapiga vizuri, binti, hebu fungua mdomo.' Akanigusa hapa. Dada, vidole vyake ni baridi!"

"Nani kamfungulia mlango?"

"Sijui. Nimemkuta ameketi."

Akaligusa jino la mbele kwa ulimi. Likacheza. Niliona likicheza.

"Huyo kijana yukoje?" Ilikuwa sauti ya Babu. Hakuwa amefumbua macho.

"Kanipa mgongo, Babu, anatazama dirishani. Viatu vimejaa udongo mwekundu."

Udongo wetu ni mweusi; mwekundu ni wa kusini, kulikopiganwa vita.

Babu akainuka, akaomba aproni yake.

"Babu, kaa," nikasema. "Niache mimi nikawaondoe."

"Utawaondoa vipi, msomi?" Hakusema kwa kejeli. "Kesho mtanisomea sifa. Mimi nimechoka, Hester. Nimechoka tangu kabla hujazaliwa."

Akapanda ngazi. Akaingia. Akafunga mlango.

Tulimfuata, tukasimama nje ya mlango. Jua la asubuhi lilikuwa limejaa ukumbini. Kiti kikalia, kama mtu amekikalia.

"Tegemeza kichwa, mwanangu," Babu alisema, kwa upole ambao sisi hatukuwahi kuonjeshwa. "Itauma kidogo."

Cordelia akatega sikio mlangoni.

Kisha sauti ya mwanamke, karibu sana na mlango.

"Yote ya mbele."

Ting. Kitu kiligonga beseni. Ting. Cordelia akaniminya mkono. Ting.

Halafu milio ikakoma.

Nilifungua. Babu alikuwa ameketi sakafuni, koleo mapajani, amekufa. Hakukuwa na mtu mwingine. Dirisha lilikuwa limekomewa kwa ndani. Ndani ya beseni kulikuwa na meno ya kijana, mizizi mirefu, damu mbichi. Babu alikuwa na meno ya bandia kwa miaka mingi.

Cordelia akapitisha ulimi mdomoni.

"Hayachezi," akanong'ona.

Sherehe haikuahirishwa, kifo kiliwaongezea watu hamu. Nilisoma: daktari wa meno, askari, mwanamuziki. Wakapiga makofi. Cordelia akapiga wimbo wa kuwaaga mashujaa, na Jumatatu akaondoka na meno yake yote. Lakini siku ile ya sherehe, mzee Jotham Wadley, aliyepigana pamoja na Babu, alisoma majina yaliyochongwa kwenye mnara. Kutoka Tilden akarukia Twombly.

Nikamfuata. "Mzee, umemruka Ezra Tuttle."

"Ezra? Yule kibogoyo?" Akacheka. "Huyo hakwenda vitani, binti. Alihamia magharibi."

Nikamtazama Shangazi. Alikuwa amegeuka mweupe kama unga. "Habari ya kifo chake ilipofika, mimi nilimlilia," akasema.

Watu walipokwenda kula, tukaurudia mnara. Kwenye majina yale, la Ezra likiwamo, ndipo Shangazi aliponifundisha kusoma, kidole chake juu ya changu. Kati ya Tilden na Twombly palikuwa na nafasi ya jina moja. Nikapapasa. Jiwe lilikuwa laini, bila alama ya patasi, kana kwamba halijawahi kuchongwa jina hapo, na kuvu la kijivu, la miaka na miaka, limeota juu yake.