Mtama wa Nyangi na Maji ya Shimo la Dhahabu

Mwaka 1975 Nyangi, mumewe Wanzagi na watoto wao walihamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Butiama. Kisima kilikuwa mbali, mwendo wa saa nzima. Lakini nyuma ya nyumba yao palikuwa na shimo la zamani, ambamo watu walisafishia dhahabu. Maji yake yalionekana safi.

Mvua zilichelewa. Nyangi akaloweka mbegu za mtama kwa maji ya shimo, ili zikipandwa ziwahi kuota. Siku ya nane baada ya kupanda, shamba lilikuwa tupu. Akafukua. Mbegu zilikuwa zimepasuka, lakini mizizi ilikuwa mifupi, imekuwa myeusi nchani. Mbegu nyingine hawakuwa nazo, na mwaka uliopita ulikuwa wa njaa. Wanzagi alisema wamerogwa, akamtaja jirani yao, mama Mbuke.

Nyangi hakubishana. Alikwenda kwa Dafroza, bibi shamba wa kijiji. Dafroza akamwuliza mbegu aliziloweka kwa maji gani. Aliposikia habari za shimo, akauliza tena.

"Mama, kimea cha ulezi unatengenezaje?"

"Ninalowekaga, ninafunika. Siku ya tatu kimeota."

"Tufanye hivyohivyo kwa mtama. Nusu kwa maji ya kisima, nusu nyingine kwa maji ya shimo."

Mama Mbuke ndiye aliyewapa konzi mbili za mtama wa kujaribia. Siku ya tatu Wanzagi mwenyewe alifunua. Mtama wa kisima ulikuwa na mizizi mirefu, myeupe. Ule wa shimo ulikuwa kama ule uliofukuliwa shambani.

"Wanaosafisha dhahabu huacha madini mazito, kama risasi na zebaki," Dafroza alieleza. "Hayaonekani. Mbegu ikinywa maji hayo, mzizi unadhurika kabla haujashika udongo."

"Nikiyachemsha?" Nyangi aliuliza.

"Maji yatapungua, madini yatabaki. Msiyanywe, wala ng'ombe wasinywe."

Chupa ya maji yale ilipelekwa Musoma kupimwa. Jibu lilirudi kwamba Dafroza amesema kweli. Wanakijiji wakalizungushia shimo miiba.

Mama Mbuke aliwapa debe zima la mbegu. Wakaloweka kwa maji ya kisima, wakapanda, na mtama ukajaa shamba.

Walipovuna, Nyangi alimpelekea Dafroza unga. Wanzagi alibeba kikapu cha kwanza mpaka kwa mama Mbuke, akakiri maneno aliyoyasema.

"Niliyasikia siku ileile, shemeji," mama Mbuke alisema. "Lakini watoto wenu wangekula nini?"

Wanzagi alisema asante, akairudia mara tatu.