Ukiguswa Bega

Jumamosi ile Marsela aliguswa bega, akageuka, hakuona mtu. Alimwachia mwenzake wa dansi hivyo hivyo, maana sheria ya ukumbi ule wa Karatu ilikuwa hiyo: ukiguswa bega unamwachia aliyekugusa nafasi yako, hata kama wimbo ndiyo kwanza umeanza. Aliyeitunga ni Valeriani, mwenye ukumbi, ili Mgiriki wa shamba la kahawa asicheze na Wagiriki wenzake tu, Mhindi wa duka asigande ukutani, na Mmasai wa Malambo asiishie kutazama. Santuri za muziki wa soul zilipigwa mchana, milango wazi. Mambo hayo yalikuwepo, mwaka wa sabini na nne. Asiyeamini na abishe.

Ila Valeriani alikuwa na wiki mbili kaburini. Lori lilimgonga akitoka kufuata santuri. Kwa Wairaqw, nyumba iliyofiwa hukaa metimani: miezi mizima pembeni, haipeani moto wala kinywaji na majirani. Mjane wake Leonida alikaa siku nane, akafungua mlango. Mama mkwe akamwambia anaita balaa. Leonida akajibu kwamba ukumbi ukifungwa, kila kundi litarudi kwenye baa yake, na kazi ya mumewe itaoza kabla ya mwili wake.

Jumamosi iliyofuata waliguswa watatu. Vidole vya baridi, harufu ya dizeli. Jumamosi ya tatu, binti wa Kigiriki alisema ni mkono wa Olais, yule Mmasai, na Olais akasema yeye yuko mlangoni na ametoka kuguswa pia, na Mhindi akasema hawa wote wana lao, na walipokuwa bado wanatazamana vibaya santuri ikaanza yenyewe, polepole, kama inayovutwa kutoka chini ya ardhi, na mabega yakaguswa yote kwa pamoja. Jini, wakasema. Wakatoka, kila kundi kwa njia yake.

Leonida alimwita Mzee Tluway, mganga. Alinusa ukumbi mtupu.

"Ni mumeo. Anawagusa ili waachie," alinong'ona. "Wewe hujacheza tangu afe. Anakutafuta. Simama, mama."

"Nikisimama?"

"Atakuja. Nami nitamgusa bega. Sheria ni yake mwenyewe."

Leonida akaweka santuri, akasimama, mikono mbele, na dizeli ikajaa puani, na baridi ikamzunguka kiunoni mahali palepale pa siku zote, na akafumba macho na kuzunguka na kisicho na uzito, akiomba kimoyomoyo mganga asahau, na Tluway akanyoosha mkono akagusa hewa.

Baridi ikaachia.

"Ungengoja wimbo uishe, mzee," Leonida alisema.

Alikaa metimani miezi yote. Alipofungua, Wagiriki walikaa dirishani, Wahindi ukutani, Wamasai mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumgusa mwenzake. Leonida aliweka santuri, akasimama katikati, bega wazi likingoja mkono, mpaka ikaisha.