Tiki ya Pili

Kila Jumatatu, akitoka shule, Injinia alivua viatu mlangoni, akanawa mikono na kuingia katika chumba cha kazi cha mama yake. Humo hakuingia mtu na kikombe cha chai, wala na vidole vyenye mafuta, wala na rafiki. Jina la Injinia alipewa na watoto wa mtaa wao kwa sababu, akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu tu, aliijua kompyuta kuliko baadhi ya walimu wake. Alilipenda jina hilo mno. Ukimwita kwa jina lake halisi, alichelewa kuitika makusudi.

Mama yake alipiga picha na video kwenye harusi, mahafali na mazishi, na mtaa mzima ulimwita Mama Kamera. Shughuli ikiisha na wageni wakienda zao, kazi yote ilibaki ndani ya kadi za kumbukumbu, vitu vidogo kama kucha. Kadi hizo hizo zilihitajika tena wiki iliyofuata. Kwa hiyo Injinia alikuwa na kazi yake: kuhamishia mafaili kwenye diski nyeusi ya mezani, kuyanakili tena kwenye diski ya buluu, kisha kuvuka barabara na kuirudisha ya buluu kwa bibi, mama yake Mama Kamera.

Mpango huo haukuokotwa njiani. Siku ya kununua vifaa, muuzaji wa duka kubwa alimsifia Mama Kamera boksi zito lenye diski mbili ndani. "Unaandika mara moja, lenyewe linaandika mara mbili. Diski moja ikifa, mwenzake yupo." Mama alikaribia kulibeba. Fundi kompyuta wa pale mtaani, mtu asiyejua kubembeleza, ndiye aliyemzuia.

"Boksi si baya," alisema. "Lakini mwizi akiingia atakubebea diski moja akuachie nyingine? Moto ukiwaka, utauomba uunguze upande mmoja? Nunua diski mbili za kawaida, moja ikae kwako, moja ikae nyumba nyingine. Na usifute kadi hata moja mpaka nakala ziwe mbili, mahali pawili."

Ndipo likazaliwa daftari. Diski nyeusi, tiki ya kwanza. Diski ya buluu, tiki ya pili. Tiki zikitimia, mjomba, ambaye alimsaidia mama kazini, aliruhusiwa kufuta kadi na kifaa kingine chochote kilichonasa shughuli ile. Tiki ikiwa moja, hakuna aliyegusa kitu.

Bibi naye aliitunza diski ya buluu kama mboni ya jicho. Aliifunga kwa kitambaa safi na kuilaza kwenye droo ya cherehani yake. "Harusi za watu zimelala kwangu," alijigamba kwa majirani. "Msinipigie kelele, mtawaamsha maharusi."

Tatizo lilianza kwa sifa. Injinia alianza kukusanya sinema na katuni, akaziweka kwenye diski ya buluu kwa kuwa ilikuwa na nafasi kubwa. Darasani alijulikana kuwa na kila sinema. Wenzake walimwekea kiti, walimwazima kalamu, walimchekea hata asipochekesha. Jumatatu moja, alipotaka kunakili harusi ya Jumamosi iliyopita, kompyuta ilimwambia diski ya buluu imejaa.

Angeweza kufuta sinema. Alizitazama, akaona kama anaambiwa ajinyoe nywele mbele ya darasa. Basi akafanya jambo lililoonekana la kijanja: alirudi kwenye diski nyeusi, akafungua folda mpya, akaipa jina NAKALA, akainakili harusi humo humo. Nakala si nakala tu? Mafaili yalikuwa mawili, aliyahesabu kwa macho yake. Akachukua kalamu na kuandika tiki ya pili.

Diski ya buluu haikuvuka barabara siku ile. Iliingia kwenye mkoba wake wa shule, chini ya vitabu, kwa sababu aliwaahidi wenzake sinema. Bibi alipouliza, alimjibu, "Mama bado anaitumia, bibi."

Jumamosi iliyofuata haikuwa na shughuli yoyote. Siku kumi na mbili baada ya tiki ile, Jumamosi saa mbili asubuhi, diski nyeusi ilianza kugonga. Tak, tak, tak, kama mtu aliyefungiwa ndani. Mama Kamera aliichomoa, akaichomeka tena. Tak. Kisha kimya. Kompyuta haikuiona tena.

Mama alishusha pumzi. "Haya, imekufa. Ndiyo maana tuna ya buluu. Kailete upesi, bibi harusi anakuja saa tatu kuchukua video yake."

Injinia aligeuka kuelekea mlangoni. Alilijua jambo ambalo mtaa wote ulilijua: baba wa bibi harusi yule alikuwa amefariki wiki iliyopita. Siku ya harusi alisimama akazungumza na binti yake mbele ya wageni, dakika saba, akilia na kucheka. Maneno hayo ndiyo binti alikuwa akiyafuata.

Alitoka, akasimama barabarani kwa muda wa kutosha mtu kwenda na kurudi, akaingia tena.

"Haipo, mama. Bibi haioni."

"Haioni vipi? Ulimrudishia?"

"Nilimrudishia."

Mama alivuka barabara bila kandambili. Injinia alimfuata nyuma, akiomba ardhi ipasuke. Bibi alikuwa akitia uzi kwenye sindano.

"Mama, diski iko wapi?"

"Si unayo wewe? Mjukuu wangu aliniambia bado unaitumia."

Mama Kamera akageuka. Injinia alikaza macho ukutani. "Niliileta, bibi. Uliifunga kwa kitambaa. Umesahau tu."

"Mimi?" Bibi alitua sindano. "Nimesahau mimi?"

"Mama, juzi uliacha jiko linawaka," Mama Kamera alisema, sauti imeanza kupanda. "Tafadhali, fikiri vizuri."

"Usinifundishe kufikiri! Nimekuzaa wewe na akili zangu, nikakulea na akili zangu! Mimi nimezeeka, sijaharibika!" Bibi aliing'oa droo nzima na kuimwaga sakafuni. Vifungo vikatimka kila upande, vibiringo vya nyuzi vikakimbilia chini ya kitanda. "Tafuteni! Si mimi mwizi? Pekueni!"

Wakati huo bibi harusi alifika. Alielekezwa na jirani, akasimama mlangoni, macho mekundu, akisikiliza. Alipoelewa, alisema kwa sauti ndogo iliyokuwa mbaya kuliko kelele: "Dada, nilikukabidhi siku ile. Nyinyi mlikuwa mnaichezea?"

"Hatukuichezea," Mama Kamera alisema. "Nina nakala mbili. Mbili! Moja imewekwa mahali na mama yangu, hakumbuki wapi."

Bibi hakujibu tena kwa ukali. Alikuwa amepiga magoti chini ya cherehani, akipapasa sakafu kwa viganja. Akasimama polepole, ameshika kitambaa kitupu.

"Huenda ni kweli," alisema. "Huenda kichwa kimeanza kuniacha. Sikumbuki kabisa kuipokea."

Injinia alikuwa tayari kwa makofi na kwa matusi ya darasa zima. Lakini kwa hili hakuwa tayari. Bibi yake, aliyeweza kutaja siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wa mtaa, alikuwa akikitazama kitambaa kama mtu anayetazama barua asiyoweza kuisoma.

"Bibi hakusahau!" alipiga kelele, na hasira iliyomtoka ilikuwa ya kwake mwenyewe juu yake mwenyewe. "Sikuileta! Iko kwenye mkoba wangu. Na harusi haimo, imejaa sinema zangu. Nakala niliiweka kwenye diski nyeusi hiyo hiyo. Tiki ya pili ni ya uongo!"

Mama Kamera akalipuka.

"Hiyo hiyo? Uliweka funguo za akiba ndani ya nyumba iliyofungwa, ukaniandikia tiki? Na umesimama hapa ukamfanya mama yangu mwendawazimu?"

Injinia akaanza kulia.

"Usilie! Machozi leo hayana kazi. Tiki uliandika lini?"

"Jumatatu ile ile."

"Basi mjomba wako alishafuta kadi." Mama alishika kichwa. "Kafuta kadi zote, kwa sababu tiki zilikuwa mbili. Kadi, na..." Akaondoa mikono kichwani. "Kinasa sauti!"

Siku ya harusi, mama alimbandikia baba wa bibi harusi kinasa sauti kidogo kwenye ukosi wa koti, ili maneno yake yasipotee kwenye kelele. Kinasa hicho hakikutumika tangu siku ile. Lakini asubuhi hiyo mjomba alikuwa amekibeba kwenda kwenye mahafali, na mahafali yangeanza saa nne. Saa ya ukutani ya bibi ilisema saa tatu na dakika arobaini.

Simu iliita mpaka ikakatika. Mama akapiga tena, akitembea juu ya vifungo.

"Dada, mbona unanisumbua? Ndiyo naandaa vyombo, nataka kufuta hiki kinasa nimvalishe mkuu wa shule."

"Usikiguse!"

"Daftari lina tiki mbili."

"Daftari linasema uongo! Kizime, kitie mfukoni, mvalishe mkuu wa shule chochote, hata kijiko! Ukibonyeza kitu, usirudi kwangu!"

"Mnagombana nini huko asubuhi asubuhi? Haya, nimekizima."

Saa saba mjomba alirudi, amenuna, kinasa kimefungwa ndani ya leso. Walikaa chumba cha kazi, bibi harusi mbele. Sauti ya baba yake ilitoka, nzito, ikakohoa, ikasema, "Mwanangu, niliandika hotuba, miwani nimeiacha nyumbani." Bibi harusi alicheka, akajifunika uso kwa mikono miwili, akabaki hivyo dakika zote saba.

Picha zilikuwa zimepotea. Fundi kompyuta aliifungua diski nyeusi, akatikisa kichwa, akaifunga.

Bibi harusi alipoaga, alisimama mbele ya Injinia. "Sijakusamehe," alisema. "Lakini ulisema kabla ya saa nne. Hilo nitalikumbuka pia." Akaondoka.

Kwa hasira, Mama Kamera alimwambia fundi amletee lile boksi zito la diski mbili. Fundi alikataa. "Mpango wako ulikuwa mzuri. Aliyeuvunja ana miguu miwili. Nunua diski nyingine nyeusi, na mambo makubwa kama hotuba yapeleke pia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Na nakala ambayo hujaifungua ukaitazama, usiiite nakala."

Sinema zote zilifutwa, na Injinia mwenyewe ndiye aliyezifuta. Shuleni walimtoa kwenye kile kiti, na siku mbili walimwita Injinia wa Tiki. Aliitika.

Jumatatu iliyofuata alivuka barabara na kompyuta ya kupakata kifuani, daftari kwapani na diski ya buluu mkononi. Bibi alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Mguu wake uliendelea kukanyaga.

"Nisamehe, bibi."

Cherehani ikasimama. "Sikiliza. La diski lilikuwa kosa la mtoto. Ungelisema siku ile ile, mama yako angefoka kidogo na tungekunywa chai. Lakini wewe ulichukua akili zangu ukazifunikia uvivu wako. Mjukuu wangu, asubuhi ile niliogopa. Diski ikifa, dukani zipo. Mtu aliyekuamini akiacha kukuamini, utampata dukani?"

"Hapana, bibi."

"Basi kazi yoyote utakayosema umemaliza, iwe imekwisha kweli. Na ukikosea, sema mapema, kungali na kitu cha kuokoa." Alivuta daftari, akachomoa kalamu nyekundu kwenye nywele zake. "Tiki ya pili kuanzia leo naiandika mimi. Fungua nione."

Injinia alifungua video ya mahafali. Mkuu wa shule alionekana akitoa hotuba, cheti mkononi. Bibi aliitazama mpaka mwisho, bila haraka, huku kalamu ikining'inia juu ya ukurasa.

"Iko sawa, bibi?"

"Hiyo iko sawa. Ziko ngapi?"

"Arobaini na moja."

Bibi alisogeza kiti chake karibu. "Fungua nyingine."