Kapu Bila Jezi Namba Moja

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, yule msichana alikuwa na kazi moja: kumwaga kapu la nguo uani na kupanga jezi kwa namba, kuanzia moja hadi kumi na nane. Mama yake alikuwa dobi wa timu ya mpira ya mji. Miaka tisa ameifanya kazi hiyo, na mgongo wake ulikuwa shahidi. Alikaa kwenye kigoda, beseni mbele yake, brashi mkononi, akasugua mpaka maji yakabadilika rangi.

"Huyu kocha mpya ni wa tano katika miaka miwili," alisema mama, kama mtu anayehesabu mvua. "Wa kwanza alitaka jezi zipigwe pasi. Wa pili akasema pasi inaziharibu. Mimi nafua tu."

Lakini mama alikuwa na ujuzi wake. Aliyasoma mazoezi kwenye madoa. Bukta zikirudi na chokaa, alijua wamecheza sana pembeni, karibu na mistari. Jezi zikiwa na jasho bila tope, alisema, "Leo wamekimbizwa tu, mpira hawakuugusa." Msichana naye alijifunza kusoma hivyo hivyo.

Njia ya kwenda shule ilipita mbele ya duka la kinyozi. Hapo nje palikuwa na benchi la mashabiki, wazee kwa vijana, ambao walikuwa wamechoka na timu yao lakini hawakuweza kuiacha. Walimwita msichana Redio, kwa kuwa alitoka nyumba iliyo karibu na habari.

"Shikamooni," alisalimia Jumatatu.

"Marahaba, Redio. Huyu mpya vipi?" aliuliza kinyozi, mkasi ukiwa hewani na kichwa cha mteja kikingoja.

"Usimsumbue mtoto," alisema fundi viatu. "Mimi hata jina la kocha sijajifunza. Nikilijua tu, wanamfukuza."

Wakacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kimechoka.

"Jezi zote zilikuwa na tope kifuani," alisema msichana. "Amewalaza chini."

Benchi zima likamgeukia. Fundi viatu alisogea, akampisha akae. Hakuna aliyewahi kumpisha mahali. Shuleni alikaa dawati la nyuma, na nyumbani hapakuwa na nafasi ya kukaa. Utamu wa benchi lile ulimfuata siku nzima.

Jumanne jezi namba moja haikuwamo kapuni. Jumatano haikuwamo tena. Ilikuwa ya kipa mzee waliyemwita Ukuta, aliyekuwa akilinda goli tangu msichana hajazaliwa. Mama alitazama kapu, akasema, "Haimo," akaendelea kusugua.

Benchini, siku hiyo, walikuwa wanalalamika juu ya mambo mengine. Hakuna aliyemwuliza kitu. Msichana alisimama kidogo, akaona hata nafasi ya kukaa imejaa, akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia:

"Ukuta ameachwa."

Mkasi ulisimama.

"Nani kasema?"

Hapo angeweza kusema kwamba jezi haikuwamo kapuni, basi. Lakini nyuso zote zilikuwa zinamtazama.

"Kocha mwenyewe. Mama amemsikia kwa masikio yake. Amesema kipa mzee ni mzigo."

Fundi viatu aliweka kiatu chini taratibu. "Sasa huyu," alisema, "huyu hata wiki hajamaliza."

Alhamisi jioni mashabiki walikwenda mazoezini. Kwa kawaida walisimama nyuma ya uzio wakipiga miayo. Siku hiyo hawakumwona Ukuta golini, wakazomea mpaka mazoezi yakakatwa. Kocha alipowasogelea kuuliza kuna nini, fundi viatu alimjibu, "Usijifanye hujui! Dobi wako mwenyewe amekusikia ukimtukana Ukuta!"

Ijumaa asubuhi kapu halikuletwa. Alikuja katibu wa klabu mikono mitupu, akasimama mlangoni akitazama viatu vyake.

"Mama, usinielewe vibaya. Kocha anasema nguo zisije kwako kwanza. Kuna maneno yametoka hapa, na si maneno aliyoyasema. Jumatatu kamati itakaa. Huenda wakatafuta dobi mwingine."

"Maneno gani?" aliuliza mama.

Katibu alimweleza. Mama hakubisha. Alikaa kwenye kigoda chake, mbele ya beseni lisilo na maji, mikono mapajani. Msichana hakuwahi kuiona mikono ile ikiwa mikavu saa kama hiyo. Ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka kila mahali.

"Miaka tisa," alisema mama. "Sijawahi hata kusema nani ana soksi yenye tundu."

Msichana alivaa sare, akachukua mkoba, akafika mlangoni. Miguu ikakataa. Akarudi.

"Mama, ni mimi."

Alisema yote, mpaka lile neno la mzigo, ambalo alilitunga mwenyewe. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Na mimi umeniingiza kwa nini?"

"Ili waamini."

Mama alifumba macho kidogo. "Basi ulijua kwamba jina langu linaaminika. Ukalichukua ukalichafua, na hilo halifuliki kwa brashi. Nenda shule. Jioni tutakwenda uwanjani, na utasema wewe, si mimi."

Jioni mashabiki walikuwa wameshajaa kwenye uzio. Kocha mpya alikuwa mtu mfupi mwenye uso wa msafiri aliyekosa usingizi. Msichana alisimama mbele yake.

"Shikamoo, kocha. Mama hakusikia chochote. Wewe hukusema chochote. Niliona jezi namba moja haimo kapuni, nikatunga mengine."

Kocha akaenda kwenye mfuko wake, akatoa jezi namba moja. Kwenye viwiko vyote viwili ilikuwa imeshonewa sponji nene.

"Nilimpelekea fundi cherehani," alisema. "Uwanja huu ukikauka ni mgumu kama sakafu, na viwiko vya mzee wenu vimechubuka, nikampumzisha siku chache. Nilitaka adumu msimu mzima."

Ukuta alikuja akaivaa, akakunja mikono. "Sasa hata nikianguka nimelala kitandani," alisema. Wachezaji wakacheka.

"Rudia kwa wale," kocha alimwambia msichana, akionyesha uzio.

Huo ndio uliokuwa mwendo mrefu kuliko yote. Mama na kocha walimfuata hadi kwenye uzio, naye akarudia kila neno. Hakuna aliyemzomea. Mwishowe kinyozi alivua kofia.

"Mtoto amekosa," alisema. "Lakini sisi watu wazima na ndevu zetu, nani alikwenda kuuliza?"

Fundi viatu aliinama kwa mama. "Utusamehe, dada." Kisha akamgeukia kocha. "Na wewe pia, kocha. Ehe, jina lako nani vile?"

Katibu mwenyewe alilibeba kapu hadi nyumbani.

Jumamosi timu ilitoka sare, bila bao. Ukuta aliokoa mipira mitatu kwa viwiko. Jumatatu, benchini, kinyozi aliuliza kwa mazoea, "Redio, huyu atadumu?"

"Sijui," alisema msichana, akajiandaa kupita.

Fundi viatu alimtazama, halafu akasogea, akampisha.

Kesho yake asubuhi alikuwa uani akipanga jezi kama kawaida.

"Mama, namba saba haimo."

"Kwa nini?"

Msichana alifikiri. Sababu tano zilimjia kwa mpigo, zote nzuri. "Sijui."

Mama alichovya brashi kwenye maji. Mgongo ulikuwa unauma vile vile, na jezi zilikuwa nyingi vile vile.

"Basi sema haimo, uishie hapo," alisema. "Ulichokiona ni chako, kiseme. Usichokijua si chako, kiache. Mtu akizoea kutenganisha hayo mawili, watu watamwamini hata akinyamaza. Haya, lete sabuni."